Fundo la Kitambaa

Gathogo aliamka na homa, na Warigia hakuwa na ruhusa ya kubaki naye. Kahawa ilikuwa imeiva mashambani Ruiru, na mnyapara hakuwa mtu wa kubembelezwa. Tangu mumewe Waweru apelekwe kizuizini Manyani, mtoto huyu wa miaka minne ndiye tu aliyemwinua kitandani kila asubuhi. Akamnywesha nusu ya kidonge cha aspirini kutoka dukani kwa Kantilal, vidonge vilivyobaki akavifunga kwenye kitambaa, akakificha chini ya mto.

"Maitu, usimpe kitu. Nitampa mwenyewe jioni," alimwambia mama mkwe wake, Ngendo.

"Mimi na hiyo chokaa ya wazungu wapi na wapi?" Ngendo akasonya. Alikuwa na ulimi bibi yule, asikwambie mtu.

Warigia alirudi alasiri akamkuta mtoto anahema mbiombio, nguo imelowa matapishi.

"Mama, nyuki," Gathogo alinung'unika, ameziba masikio. "Fukuza nyuki."

Nyuki hawakuwapo. Warigia alishikwa na hofu. Homa imepanda kichwani, alifikiri, na mkono wake ukakimbilia chini ya mto ili amsagie kidonge kingine. Kitambaa kilikuwapo, fundo limefungwa vizuri, lakini ndani hamkuwa na kitu.

Akamtazama Ngendo. Ngendo akatazama chini.

Warigia alitamani kumrukia, lakini hasira ingengoja. Alimbeba mtoto mbio hadi kwa Kimeu, dresa aliyewatibu wafanyakazi wa shamba, bibi akimfuata nyuma akitweta. Kimeu alimsikiliza mtoto pumzi, uso ukambadilika.

"Hii si homa tu. Dawa imemzidi, imegeuka sumu; ndiyo inayomvumisha masikio. Lori la kahawa linaondoka sasa hivi, mpelekeni hospitali Thika. Lakini watauliza huko. Amekula vingapi?"

"Sikuhesabu," alisema Ngendo. Ulimi wote ule ulikuwa umekwisha. "Asubuhi niliona kile cha mama yake kimemtuliza. Basi kila alipolia nilimpa. Akinyamaza, nikamshukuru Ngai. Akilia tena, nikampa tena. Alilia sana, Kimeu. Ningefanyaje?"

Wakapandishwa kwenye lori, juu ya magunia ya kahawa, bibi upande mmoja, mama upande wa pili, mtoto katikati akihema, amefumba macho.

Njia nzima ya Thika Gathogo hakulia hata mara moja, na Warigia alimwomba Mungu mtoto alie.