Fonti ya Mzee Mũnene

Alhamisi moja saa kumi alasiri, Mwihaki alikuwa akikata kingo za kadi za harusi katika duka lake la uchapishaji, Kitale, nyuma ya soko la nafaka, baba yake alipoingia akiwa na tundu la mraba kifuani. Lilikuwa pana kama kiganja. Mtu akichungulia humo aliona kalenda iliyotundikwa ukutani nyuma ya mzee, mwezi mzima, na sikukuu zimepigwa rangi nyekundu.

Mzee Mũnene alikuwa amefariki miaka minne iliyopita na kuzikwa kwenye shamba lake la Kiminini. Kila Alhamisi alikuja dukani, akaketi kwenye stuli kando ya mashine ya kukatia karatasi, akanywa chai na kuuliza nani amejenga wapi. Katika uhai wake alikuwa mchora mabango. Nusu ya vinu vya posho na maduka ya dawa za mifugo ya Trans-Nzoia yalikuwa yamepakwa majina kwa mkono wake. Nekesa, mwenzake Mwihaki katika kazi, mzaliwa wa Bungoma, alimtengea mzee kikombe kisichotumiwa na mtu mwingine.

"Mzee, umetobolewa," alisema Nekesa.

"Tangu saa nne asubuhi," alijibu mzee. "Haliumi. Ila upepo unapita."

Mwihaki alifuta mikono akafungua kompyuta. Barua pepe ilikuwa imeingia saa nne na dakika tano kutoka kwa Hillary, mkuu wa usanifu katika kampuni moja ya vitabu vya shule iliyokuwa Kanduyi, pale Bungoma inapoanzia. Kwa miaka miwili Mwihaki alikuwa akipiga picha mabango ya baba yake, mengine yamebanduka rangi, na kuyachora upya herufi kwa herufi hadi yakawa fonti kamili, herufi za kuchapia kwenye kompyuta. Kampuni iliitaka kwa vitabu vya kusomea lugha za mama, darasa la kwanza. Alikuwa ameipa jina Mũnene. Hillary alituma picha ya orodha ya fonti kwenye skrini yake. Palipopaswa kuwa na ũ, ile u yenye kiwimbi juu ambayo Wagĩkũyũ huitamka karibu na o, pakawa na kisanduku kitupu. M, kisanduku, nene.

"Jina linaharibu orodha," aliandika Hillary. "Tafadhali toa hako kakofia."

Mwihaki aliisoma mara mbili. Jina lake mwenyewe lilikuwa na kiwimbi pia, juu ya i. Karani mmoja alikiacha alipokuwa akimwandikia kitambulisho, naye akanyamaza kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na minane na foleni ilikuwa ndefu. Alikuwa amejuta kunyamaza kule kila alipotia sahihi. Safari hii hakukusudia kunyamaza.

Mzee hakurudi Kiminini jioni hiyo. Alisema akilala na upepo ukipita hivyo atakohoa. Asubuhi yake Nekesa akaazima gari la shemeji yake, Probox, wakateremka watatu hadi Kanduyi. Mlinzi wa geti aliandika wageni watatu, akamwomba mzee kitambulisho, mzee akasema kilirudishwa serikalini alipokufa, mlinzi akaandika "hana."

Hillary aliwapokea vizuri. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani, aliyeamka alfajiri wiki nzima kwa ajili ya vitabu hivyo. Alimwamkia mzee shikamoo na kumpa kiti katikati ya chumba, baina ya meza yake na ya mwenzake. Walipokuwa wakizungumza, mwenzake aliomba stepla. Hillary akaipitisha katika kifua cha mzee, maana ndiyo iliyokuwa njia fupi.

"Samahani, mzee."

"Haidhuru."

Mwihaki akavuta kiti hadi mbele ya skrini, akapandisha orodha ya fonti mpaka alipoona alichokitafuta.

"Hii je?" Alisonta kidole. Café Éternité. Alama zote tatu za jina hilo zilikuwa zimekaa mahali pake.

"Hiyo ni ya Ulaya, madam. Ilikuja hivyo."

"Na yangu ilikuja hivyo."

"Programu haiijui yako."

"Programu yenu ni ya zamani, inajua alama za Ulaya tu. Sikiliza, Hillary. Fonti ina majina mawili ndani. Moja ni la mashine, na hilo kweli halitaki alama, kwa hivyo nimeliandika bila alama. La pili ni la watu. Hilo linakubali alama zote duniani. Sasisha programu. Ni dakika ishirini."

"Kusasisha ni lazima wakubwa waidhinishe. Na kitabu kinaingia mtamboni saa nane." Alitazama saa. "Madam, si ni kakitu kadogo tu? Munene, Mũnene, watu wataelewa, bana."

"Bila hiyo alama si jina la mtu. Kwetu Mũnene ni mkubwa. Hiyo yako haina maana yoyote."

Nekesa alikuwa amesimama mlangoni. "Na ndani ya kitabu?" aliuliza. "Hiyo ũ hamjaiweka?"

"Ndani iko sawa kabisa," alisema Hillary kwa fahari. "Ukurasa wa tisa wote ni wa hiyo ũ. Inatoka safi sana."

"Ati mtoto anafundishwa hiyo herufi, halafu mwenye kuichora anakatazwa kuwa nayo?"

Hillary alivua miwani akaipangusa, akaivaa tena. Kisha akasema hataki ugomvi, na kwa sababu Mwihaki hataki Munene, atatafuta jina lisilomkera mtu. Mwihaki alimshika mkono, lakini vidole vya Hillary vilikuwa vimekwisha kugonga. Elgon Regular: jina la mlima, na "kawaida" kwa Kiingereza.

Tundu likafungika mara moja, pamoja na shati. Mzee alijipapasa kifua.

"Si unaona?" alisema Hillary, naye kweli alifurahi. "Amepona."

Mwihaki alimwambia maneno ambayo hajawahi kumwambia mtu ofisini, kwa sauti iliyofika hadi getini. Hillary alisikiliza yote hadi mwisho, akasema anamwelewa, akapeleka kitabu mtamboni.

Walipofika garini Mwihaki alimwita baba yake aingie. Hakugeuka. Alimwita Mũnene, jina alilopewa alipozaliwa, mzee akaendelea kutazama barabara ya Webuye. Nekesa akasita, kisha akasema polepole, "Regular."

"Naam," akaitika mzee, akaingia nyuma.

Vitabu vilitoka Januari na kusambazwa shuleni, kuanzia Cheptais hadi huku Kitale. Mwihaki aliandikia kampuni barua kumi na nne. Alijibiwa zote kwa heshima, kwamba ombi limepokelewa na litazingatiwa katika toleo lijalo. Programu ilisasishwa mwezi Machi, kwa kuwa kuna fonti ya Kifaransa iliyokuwa ikigoma. Jina Elgon Regular halikuguswa.

Mzee aliendelea kuja kila Alhamisi, mzima, mchangamfu. Wateja walimzoea kama Bwana Regular. Mwihaki peke yake ndiye aliyekataa kumwita hivyo, kwa hiyo siku nyingi walikaa bila kusemezana, yeye akikata karatasi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mwezi Aprili, mteja mmoja aliacha kitabu cha mtoto wake juu ya kaunta. Mzee alikichukua, akakifungua ukurasa wa tisa, akaiangalia herufi kwa muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya kiwimbi, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mwendo uleule ambao brashi yake ilikuwa ikienda nao.

"Aliyechora hii alikuwa na mkono," alisema. "Ni nani?"

Mwihaki aliiacha mashine. Akamtajia jina lote la mchoraji, na la baba wa mchoraji huyo, na kijiji walichotoka kabla ya kuja Trans-Nzoia.

Mzee alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetaka kusaidia.

"Simjui," alisema, akafungua ukurasa wa kumi.