Hodhi la Hobert

Verlene Stidham hakuficha kitu, hilo lieleweke mapema. Lonnie Caudill alipokuja kuitazama nyumba, bibi huyu alimwonyesha ubovu wake wote, mmoja mmoja: paa linalovuja juu ya jiko, sakafu iliyolainika karibu na mlango wa nyuma, mlango wa chumba cha kulala ambao haujafungika miaka kumi na mmoja. Akamlisha maharage na mkate wa mahindi, akamwambia, "Mwanangu, nyumba hii imekuzidi umri. Ukiitaka, itake na magonjwa yake."

Lonnie akacheka, akasema anaitaka. Ilikuwa nyumba ya kuvutwa, ile inayoletwa na lori na ambayo, wasemavyo wauzaji, lori linaweza kuja kuiondoa. Baba yake alikuwa na kipande cha shamba mlimani, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba.

Verlene naye hakuwa na nafasi ya kuringa. Uwanja aliopanga ulikuwa umeuzwa, na tangazo lilibandikwa kila mlango: nyumba itakayokuwapo baada ya Oktoba itavunjwa na tingatinga. Akiiuza, angepata cha kulipia chumba kwenye majengo ya wazee mjini, hatua chache kutoka kanisani kwake. Asipoiuza, ni Ohio kwa dada yake, mwenye sofa moja na mdomo usiopumzika. Wee! Afadhali alale kwenye gari, na gari lenyewe hana.

Kitu kimoja hakukitaja pamoja na ubovu, kwa sababu kilikuwa fahari yake. "Na hodhi linabaki," alimwambia Lonnie, akifungua mlango wa bafuni kwa madaha. Lilikuwa hodhi la kuogea la chuma, la zamani, lenye miguu minne. Marehemu mumewe, Hobert, alilipata kwenye hoteli iliyobomolewa, miaka kumi na mmoja iliyopita, mwaka ule mgongo wa Verlene ulipoharibika. Wanaume sita walilibeba wakilaani. Kisha Hobert akalala chali chini ya nyumba siku mbili nzima na grenda, cheche zikiruka, akilitafutia njia bomba la maji machafu.

"Unakata nini huko, mume wangu?"

"Chuma kidogo tu, kinanizibia njia!"

Alipomaliza alimjazia maji ya moto, akaketi juu ya kifuniko cha choo na kumsomea gazeti mpaka maji yakapoa. Verlene hakuwahi kupendwa vile tena.

Jumanne akaja Estill, fundi wa kuhamisha nyumba, pamoja na Lonnie. Fundi aling'oa mabati yaliyoziba uvungu wa nyumba, akaingia kwa tumbo na tochi yake. Walimsikia akigongagonga, kisha sauti: "Eh, jamani!"

Akatoka na utando wa buibui kichwani. "Bi Verlene, nani alikata boriti?"

"Boriti gani?"

"Ile ya chuma inayobeba nyumba nzima. Pale chini ya hodhi imekatwa zaidi ya nusu, bomba likapitishwa."

"Hobert huyo. Alisema chuma kidogo tu."

"Kidogo!" Estill akaangua kicheko, akaona anacheka peke yake, akavua kofia. "Mama, nikiivuta hii haifiki barabara kuu. Itakatika katikati, nusu niondoke nayo, nusu ibaki kwenye lile daraja la njiani."

"Si uichomelee?" Lonnie aliuliza.

"Imepinda, na imeliwa. Nichomelee nini, kutu kwa kutu?"

"Hobert, mjinga wee!" Verlene alisema kwa sauti, mbele za watu, kisha akalia, maana mjinga yule alikata kwa ajili ya mgongo wake.

"Nisamehe, Bi Verlene," Lonnie alisema. "Ningekuwa peke yangu... lakini kuna mtoto."

"Usiniombe radhi. Hata mimi nisingekuuzia sasa."

Lonnie hakuondoka. Alitazama viatu vyake, masikio yameiva kwa haya. "Lile hodhi... utalifanyia nini?"

"Kwani?"

"Baba ana ng'ombe. Hawana pa kunywea maji."

Verlene akajifuta uso. "Lichukue."

"Nitalipa."

"Nimesema lichukue! Tingatinga halina haja ya kuoga."

Jumamosi Lonnie alikuja na binamu zake watano. Walipolinyanyua, sakafu ikalia, ikainuka kidogo. Verlene hakutoka kuwaaga. Alishika ufagio, akafagia vumbi la pale hodhi lilipokaa.

Nyuma yake kitu kikagonga taratibu. Akageuka. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umejifunga.

Akaufungua, akausukuma kwa kidole kimoja. Ukajifunga tena, sawasawa kabisa, kama siku waliyoletewa nyumba. Akaujaribu mara ya tatu. Kisha akaketi kitandani, akampigia simu dada yake.