Vita Alivyoniachia Nyokabi

Siku ya kwanza nilipoongoza jeshi la Warumi, binti yangu Nyokabi alinicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa nimewapanga wazee mbele. Kwetu mzee hutangulia. Akiingia mahali vijana humpisha kiti, na nyama ikiiva yeye ndiye wa kuanza. Sasa mimi Gichuru, mtu mzima, mwenye nyumba za kupangisha hapa Waithaka, ningewezaje kuwatuma watoto vitani huku wazee wamepiga goti nyuma na mikuki yao mirefu?

"Baba, hao wazee wanakaa nyuma!" alisema. "Mbele unaweka vijana. Wakichoka, wanaingia hawa wa katikati. Wazee unawaita tu mambo ikiharibika."

"Na isipoharibika?"

"Basi wanarudi nyumbani bila kutoa jasho. Si ndio poa?"

Niliona ni upuuzi, nikawaacha wazee wangu mbele. Wagali, adui zetu wa siku hiyo, walitushukia kutoka mlimani wakatufyeka kama nyasi. Kuanzia hapo nikaanza kumsikiliza.

Kompyuta yenyewe niliinunua ili ajifunze kazi za ofisi. Mchezo ule wa vita alikuja nao siku moja kutoka mjini, kwenye CD ya kung'aa aliyoinunua Luthuli Avenue, nami nikagomba kama kawaida yangu. Nyumba nzima ilinijua kwa kugomba. Lakini Jumamosi moja nilisimama nyuma yake nikiwa na kikombe cha chai, nikatazama askari mia kadhaa wakitembea bondeni kwa mstari mnyoofu, chai ikapoa mkononi. Jumamosi iliyofuata nilivuta kiti.

Akanifundisha. Ukimbofya adui mara moja, askari wako wanakwenda taratibu, wanasimama, wanarusha mikuki, ndipo wanachomoa panga. Ukibofya mara mbili kwa pupa, wanakimbia na mikuki yao mkononi bila kuirusha, na nusu ya nguvu yao imepotea bure. Mimi nilikuwa mtu wa kubofya mara mbili. Akanifundisha pia kwamba adui akikimbia, askari wa miguu asimfuate. Hiyo ni kazi ya farasi. Mstari ukivunjika kwa tamaa ya kufukuza, umekwisha.

"Pole pole, Baba," alikuwa akiniambia. Hakuna mwingine katika nyumba ile aliyethubutu kuniambia hivyo. Lakini Nyokabi ana jina la mama yangu, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza, kwa hiyo tangu azaliwe nimemwita mama. Mwanamume haoni haya kukemewa na mama yake.

Mwaka wa 2006 alipata nafasi ya kusomea uuguzi Minnesota, Amerika. Jumamosi ya mwisho jeshi letu lilikuwa limefika nje ya Karthago, mji pekee uliokuwa umebaki kutekwa. Ndiyo, najua, Mwafrika mzima nawapigania Warumi dhidi ya Waafrika wa kaskazini. Ndivyo mchezo ulivyokuwa, nami nilishazama. Adui alikuwa ametoka nje ya kuta na kujipanga uwanjani, na mbele ya jeshi lake walisimama ndovu. Masanduku ya Nyokabi yalikuwa tayari mlangoni. Alihifadhi mchezo pale pale.

"Hii vita usiguse, Baba. Nikirudi tutapigana pamoja."

Sikugusa. Kulikuwa na sehemu nyingine ya mchezo ya kufanyia mazoezi, vita vya kujitungia tu, na huko ndiko nilikopigana. Kila Jumamosi mke wangu alikiondoa kitambaa chake cha kufuma juu ya kompyuta (alifunika kila kitu nyumbani mle kilichokaa kimya, na nadhani angenifunika mimi pia kama ningetulia) nami nikaketi na kuwaleta ndovu. Walinikanyaga miezi na miezi. Kisha nikagundua dawa yao. Usiwazuie. Panga vikosi vyako uache vichochoro katikati, ndovu apite kama gari barabarani, halafu umgeukie kwa mikuki kutoka pande zote mbili. Nilipofanikiwa nilipiga meza kwa furaha, nikageuka kumwonyesha Nyokabi. Kiti chake kilikuwa na nguo za kupiga pasi.

Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. "Jeshi langu liko aje?" aliuliza, nami nikamjibu, "Linakungoja, mama." Baadaye zamu za kazi zikamlemea, simu zikapungua, na alipopiga alizungumza na mama yake. Mimi nilipewa simu mwishoni kama anayeonjeshwa mchuzi. "Uko poa, Baba?" "Niko poa." "Haya, poa." Na hapo laini imekatika. Nilimkosa mtoto yule. Nilimkosa hata nikawa nakasirikia kuku.

Alirudi Desemba ya 2009, kwa wiki tatu. Nyumba ikajaa. Leo shangazi wa mtaa wa Satellite, kesho watu wa kanisa, keshokutwa binamu wanaotaka viatu vya Amerika. Mimi nikangoja kwenye mstari wangu wa nyuma, kama wale wazee. Alhamisi moja, baada ya chakula cha mchana, niliona nafasi. Niliwasha kompyuta, nikapanga viti viwili, nikamwita.

Alikuja akiwa amevaa vizuri, mkoba begani, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Ai, Baba! Hii game bado iko?"

"Iko vile vile. Sikugusa." Nilifungua mchezo. Jeshi letu likatokea, na mbele yake Karthago. "Sasa hawa ndovu, mama, nimewapatia dawa. Tukiacha vichochoro kati ya vikosi vya kwanza..."

Alishika kipanya, akakizungusha huku na huko juu ya askari. Kisha akabofya kitufe cha kuiachia kompyuta iamue vita yenyewe kwa hesabu tu. Hakuna askari aliyetembea, hakuna mkuki uliorushwa. Ukatokea ukurasa mmoja tu wa waliokufa na waliobaki.

"Tumeshinda, Baba!" Akanibusu kwenye paji la uso. "Wacha niende, mabeshte zangu wa zamani wananingoja Westlands."

Mlango ukafungwa. Nilisukuma kiti nyuma kwa hasira. Miaka yote ile! Nilikwenda jikoni nikamwambia mke wangu kwamba Amerika imemharibu mtoto, hana heshima tena, hana moyo. Alikuwa anaosha sahani. Aliniacha nimalize.

"Ulimwambia ulikuwa unamngoja?" aliuliza.

"Nilimwambia jeshi linamngoja."

"Sikuuliza jeshi, Baba Nyokabi."

Nilirudi sebuleni. Mchezo ulikuwa bado umehifadhiwa pale Nyokabi alipouacha mwaka ule, kwa hiyo niliufungua tena, na mara moja askari wote wakawa wamesimama mahali pao, hakuna aliyekufa. Nilidhani ningefurahi. Niliwatazama nikaona sina haja nao hata kidogo. Nikachukua simu nikampigia. Nyuma yake nilisikia muziki na watu wanaocheka.

"Baba? Kuna shida?"

"Nyokabi, mimi sikutaka kushinda," nilisema. "Nilitaka tukae. Nilikukosa, mama. Kila Jumamosi nilikukosa."

Muziki ukafifia, nadhani alitoka nje. Nilisikia magari, kisha nikamsikia analia.

"Baba, nilisahau," alisema. "Nilishika hiyo mouse nikaona sijui hata naanzia wapi. Vijana, wazee, nani anaenda wapi, yote imetoka. Huko nikitoka kazini nalala tu, Baba. Na wewe hapo umejipanga, unaniambia mambo ya ndovu, umeniwekea kiti. Nikaona aibu kukuambia. Ndio nikafinya tu hiyo kitu iishe."

Hasira iliniishia pale pale, nikabaki na huzuni tupu, na furaha kidogo ndani yake ambayo sikujua niiweke wapi. Nilivuta kile kiti cha pili karibu na changu.

"Rudi nyumbani, mama," nilimwambia. "Nitakufundisha."