Mkate wa Samaki Anayeumuka

Kama humu ndani kuna neno moja la uongo, basi Ziwa Tanganyika likauke leo hii, twende Kongo kwa baiskeli. Naandika nikiwa na akili zangu timamu, nimekula na nimeshiba (nilichokula utakijua mwishoni), na aliyewahi kunishika nikidanganya tangu nistaafu kazi ya stoo ya reli na ajitokeze. Mke wangu Marcelina asijitokeze. Yeye ana chuki binafsi.

Jirani yetu hapa Katubuka ni Crispin, afisa ardhi, mtu wa Bukoba. Kati ya nyumba yake na yangu kuna ua wa michongoma wenye tundu la kupitisha kichwa, na habari zote za kwao mimi huzipata kwa njia hiyo halali. Alipohamishiwa Kigoma alikuwa mtu wa kupendeza kumtazama akila. Chai ya asubuhi alishushia nusu mkate, na jioni alirudi kumaliza ile nusu iliyobaki isijisikie mpweke.

Kisha hospitali wakamkuta na sukari. Daktari akamwambia apunguze wanga, arudi baada ya miezi mitatu. Kama sukari haijashuka, wataanza sindano. Sasa huyu Crispin amepima mashamba yenye nyoka hadi Kidahwe bila kutetemeka, lakini mtajie sindano uone. Anashika mkono wake kama vile umeshachomwa.

Mtu mwenye busara angepunguza ugali, akala mchicha wake, akalala. Crispin akafungua simu. Humo akakutana na mzungu mmoja kifua wazi, anayefundisha watu kula vyenye miguu, mabawa au mapezi, na visivyo na hivyo wawaachie mbuzi. Siku hiyo hiyo Crispin akaaga ndizi. Mtu wa Bukoba! Akaaga maharage, akaaga mchicha, akaaga hata mawese.

"Mawese ni mmea, Mzee," aliniambia, huku samaki wake wa migebuka wamekauka mbele yake kama viatu vya mahabusu.

"Mwanangu, umeletwa Kigoma na serikali, mawese umeyakataa. Huku si kazini tena, ni uhamishoni."

Lakini hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni kwamba mkate ameuacha, halafu kutwa anautafuta. Ni sawa na mwanamume aliyempa mkewe talaka, kisha akakaa anachonga kinyago chake akilaze kitandani. Kama umeacha, acha!

Mkewe Restituta, mwalimu, mwanamke mwenye subira ya ng'ombe wa kukamuliwa, ndiye aliyepewa kazi ya kuchonga. Kwanza alimtengenezea mkate wa mayai. Alipiga ute hadi ukawa povu, akarudisha viini, akaoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Ukaumuka vizuri, mweupe, ukatia moyo. Ukiuuma, unasikia hewa. Niliwaambia mbele yao kwamba huo ni sponji ya kuogea iliyokosa sabuni. Wiki ya pili akasaga nyama ya kuku, akaisukuma kama chapati. Crispin akaizungushia mayai na kusema ni chapati na mayai. Nikamwambia huyo ni kuku amevaa mwanawe. Wiki ya tatu ukaja wa maini. Huo sitauzungumzia, maana wengine mnasoma mkiwa mnakula.

Jumapili moja nilikuwa barazani kwao, nikiendelea kuwasaidia kwa maoni. Restituta akaweka kisu chini.

"Mzee Gasper, tangu tuanze wewe unacheka tu. Wako uko wapi?"

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi elimu yangu ni ya magazeti ya kufungia vitumbua, na mtu wa elimu hiyo hajui kunyamaza akiulizwa.

"Wangu?" nikasema. "Mimi nimekulia kwenye mkate wa samaki."

Crispin akainua shingo. "Wa samaki mtupu?"

"Mtupu. Sikiliza, mwanangu. Kule nje ya Bangwe, ziwa lina kina ambacho nanga ukiiachia asubuhi, inagusa chini wakati wa chakula cha jioni. Huko chini kuna samaki aliyezaliwa akibanwa na maji yote hayo. Mwili wake umekaza kama ngumi. Ukimleta juu, anapata nafasi. Anaanza kuvimba, polepole. Mkaushe, mtwange, unga wake bado una hamu ya kuvimba. Utie kwenye sufuria ya moto: unaumuka wenyewe, bila hamira. Mama yangu aliuoka siku ya ubatizo wangu, mfuniko wa sufuria ukaruka hadi bati la jirani. Kovu la bati lile lipo mpaka leo."

Restituta alikuwa ananitazama kama anavyotazama mwanafunzi aliyesema bibi yake amefariki kwa mara ya tatu. Lakini mumewe alishaingia majini.

"Kisayansi inawezekana," alisema yule msomi. "Ni suala la presha."

"Na anaitwaje, samaki huyo?" Restituta akauliza.

"Jina silitaji. Wavuvi wa Bangwe waliniapisha."

Restituta akaingia ndani, akatoka na kopo la samli kutoka Kasulu, lile la manjano linalonukia hadi tunduni kwangu. Akaliweka mezani. "Leta mkate wa samaki mtupu, usio na chembe ya unga wa shambani, samli hii ni yako. Ukishindwa, utakula huu wangu wa mayai, mzima, hapa hapa, mbele ya mama, mkeo, na kila tonge utauita mkate."

"Sponji ile?"

"Sponji ile. Na utauita mkate."

Nikacheka. Nikampa mkono.

Sasa nieleze nilivyooka, kwa uaminifu. Nilinunua dagaa, nikawatwanga. Nikavunja mayai. Mchanganyiko ukakaa kwenye sufuria kama tope la masika, haukutaka kuumuka wala kuongea. Ndipo nikaongeza unga kidogo, wa kushikanisha tu. Kikombe kimoja, wa muhogo. Sawa, na kimoja wa ngano. Marcelina anachungulia begani kwangu hapa na anasema vilikuwa vinne, na hamira vijiko viwili, na sukari. Basi, vinne. Dagaa wenyewe mwishoni niliwanyunyiza juu kama padri anavyonyunyiza maji ya baraka: kila mtu anasema ameguswa, hakuna aliyelowa.

Jumanne nikaupeleka. Crispin alikata kipande, akakibonyeza, kikarudi juu chenyewe. Akakiuma. Naapa, machozi yalimtoka. Alikula vinne akiwa amesimama.

"Mzee," alisema mdomo umejaa, "huu ni mkate."

"Ni samaki," nikamsahihisha.

Nikaondoka na samli. Wiki nzima nilikula ugali wa muhogo unaong'aa kama kichwa cha askofu, na kila asubuhi nikampelekea Crispin mkate mpya, maana sikuwa mchoyo. Alirudi kuimba bafuni. Nikawaza, tazama wasomi hawa: wanalipwa na serikali kupima ardhi, na muhogo uliotoka kwenye ardhi hiyo hiyo hawautambui ukiwa kinywani.

Kuna kitu kimoja nilikuwa nimekisahau. Crispin ana ile mashine ndogo ya kutoboa kidole. Kutobolewa na mashine anaweza, mradi ajitoboe mwenyewe na kufumba macho. Kila asubuhi hupima, na namba humwambia Restituta kwa sauti, nami huisikia. Alikuwa amefika sita na nukta kadhaa, na kliniki ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Siku ya kwanza baada ya mkate wangu nikasikia: "Nane." Kisha kumi. Jumapili asubuhi, hakuimba. "Kumi na tatu, mama. Wataanza sindano."

Nilipoingia kwao nilimkuta ameweka mayai yote kwenye ndoo.

"Nimegundua, Mzee. Ni mayai. Mayai yana sukari iliyojificha, na nyama pia naanza kuitilia shaka. Kuanzia leo hadi Alhamisi sili chochote isipokuwa mkate wako."

Yule mtu alikuwa amenyoosha mikono juu ya meza, anaitazama, kana kwamba anachagua ni upi aanze kuutoa. Hapo nilipaswa kusema. Na kweli nilifungua mdomo.

"Labda ni betri ya mashine," nikasema.

Jumatatu, baada ya kazi, Restituta akaniita kwa heshima zote. "Shikamoo, Mzee. Karibu kiti." Heshima ikizidi namna hiyo, uliza mlango uko wapi. Marcelina naye alikuwa ameshaitwa, amekaa pembeni, mikono kifuani. Mezani kulikuwa na mkate wangu wa asubuhi na ile mashine. Chini alikuwepo paka wao.

Lazima nimweleze huyu paka. Ni paka wa Kigoma. Amewahi kuchomoa kichwa cha mgebuka kwenye jiko linalowaka, akaungua masharubu, akarudi kuchukua mkia. Restituta akakata kipande kinene cha mkate, akamtupia.

Paka akanusa. Akakizunguka. Akaninusa mimi. Kisha akakikanyaga akapita zake.

"Mwenyewe umeona," Restituta alisema. "Paka huyu anaiba dagaa motoni. Leo kaletewa samaki wa kina kirefu, kamkanyaga."

"Ameshiba."

"Hajala tangu jana."

"Basi ni kiburi. Paka wa watumishi wa serikali hawa..."

Restituta alimpimisha Crispin kidole, naye alikuwa amenyimwa hata mkate tangu asubuhi: saba. Akamkatia vipande vitatu vya mkate, bila chai, bila kitu kingine. Halafu akasema tusubiri, akachukua madaftari ya wanafunzi akaanza kusahihisha. Sijawahi kukaa saa moja na nusu ndefu kama ile, nami nimefanya kazi reli. Niliwasimulia kisa cha kiboko aliyepanda treni hadi Uvinza. Hakuna aliyecheka. Nikasema nina mgonjwa nyumbani. Marcelina akasema, "Mgonjwa nani? Tupo wawili tu kwetu, na mimi mzima."

Restituta akafunga daftari la mwisho, akampa mumewe mashine. Crispin akafumba macho, akajitoboa.

Kumi na nne na nukta mbili.

Aliisoma mwenyewe, mara mbili. Akautazama mkate, akanitazama mimi. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

"Mzee wangu," Restituta akauliza polepole, "huyu samaki wako huchimbwa kwa jembe?"

Nikatazama michongoma. Tundu langu, nikaona, linaonekana kabisa kutoka upande huu.

"Na mimi nilikuwa nauliza," Marcelina akadakia, "Baba Leonia, chekecheke langu la unga umelipeleka wapi? Au nalo limeenda kuvua Bangwe?"

"Kidogo tu," nikasema. "Wa kushikanisha."

"Nilikuamini," Crispin alisema. "Niliwaambia hata ofisini. Habari za presha."

Nikajua nitalipa. Lakini nilidhani nitalipa deni la kula tu. Restituta akaongeza la kusema: nikakiri mbele ya daktari.

Alhamisi walinipitisha kliniki. Daktari ni binti mmoja anaitwa Aikande, mdogo kuliko koti langu. Crispin alikaa amekumbatia mikono. Mimi nikasimama, kofia mkononi, nikaeleza yote: kina, nanga, ngumi, vikombe vinne.

"Shikamoo, babu," alisema nilipomaliza. "Kwa hiyo samaki ni wewe."

Kisha akamgeukia msomi. "Na wewe. Mimi nilisema upunguze wanga. Mchicha nilikukataza lini? Bamia nilikukataza lini? Nilikutuma kwa huyo mtu wa kwenye simu asiye na shati?" Crispin akawa mdogo kwenye kiti. Daktari akatazama namba za kabla ya mkate wangu, akasema zilikuwa zinashuka vizuri, akampa mwezi mmoja zaidi, bila sindano. Jirani yangu alipumua pumzi ambayo nadhani aliishikilia tangu Jumapili. Mlangoni alinishika bega, akasema, "Twende, Mzee. Deni la mayai."

Mkate ulikuwa tayari mezani, umeokwa asubuhi kabla ya shule, mrefu, mweupe, unatikisika. Kando yake mchicha. Crispin alikuwa anautafuna taratibu kama mtu aliyesamehewa. Nikarudisha kopo la samli. Lilikuwa robo. Restituta akalipima kwa jicho, akasema robo tatu zilizoliwa atazihesabu kwa matonge.

Nikauma.

"Ni nini hicho, Mzee?" akauliza.

"Mkate."

"Mama amesikia?"

"Sijasikia," Marcelina alisema. Yuko hatua mbili kutoka nilipo, na masikio yake husikia sarafu ikianguka sokoni Ujiji.

"Ni mkate!"

Nikauma tena. Hewa, yai, hewa. Mkate, nikasema. Nikauma. Mkate. Tonge la tano au la sita niliona kitu kimegusa mguu wangu. Ni yule paka. Alikuwa amekaa wima kama mwanafunzi wa bweni, shingo ameinyoosha, macho kwenye mkono wangu, anauomba.

"Mpe kidogo, Mzee," Crispin alisema.

"Hapana," Restituta akasema. "Paka hana deni."