Fira Apigaye Hodi

Katika mashua kumi na moja zilizofungwa ubavu kwa ubavu kwenye mto Bongshi, hakukuwa na mtoto mdogo asiye na njuga kiunoni. Njuga ikilia, mama anajua mwanawe yupo. Ikinyamaza, mtu huacha hata chungu motoni akakimbilia ukingoni. Kwa miaka minne kazi ya kuzisikiliza njuga hizo ilikuwa ya Jorina, maana wanawake wengine wote walikuwa na nyoka na yeye hakuwa naye.

Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wa mashua. Mwanamke mwenye nyoka hujitwika kikapu akaenda vijijini, akauza mizizi na hirizi, akaumika wenye maumivu ya mgongo, na watu wakikusanyika huwafunulia nyoka wake. Asiye na nyoka hubaki na watoto. Nyoka wa kwanza hutolewa na mama, na mama yake Jorina alikufa kwa homa kabla hajamtolea. Jorina alikuwa na miaka kumi na tisa sasa, na kila msimu wa baridi aliwatazama wenzake wakipanda ukingo wa mto hadi vichwa vyao vikamezwa na ukungu.

Mwaka huo, mpunga ulipokuwa unavunwa, bibi Komola alimwita. Alikuwa mkongwe wa kundi, hana binti, na nyoka wake aliwafuga vizuri kuliko mtu yeyote. Tena hakuwang'oa meno kama wafanyavyo wengine. Alisema nyoka asiye na meno hufa kwa njaa, na mwenye nyoka huyo hujisahau, kumbe meno yanaota upya. Akamwambia Jorina kwamba ana vikapu vitatu, kila kimoja na nyoka wake. Akae navyo siku tatu, achague mmoja, na siku hiyo ya tatu amtoe na kumrudisha kikapuni mara tatu mbele ya mzee Torab, mkuu wa kundi. Akiweza, kesho yake anaondoka na wanawake. Akishindwa, atangoja msimu mwingine.

Jorina aliinama akamgusa bibi miguu.

Aliyenuna ni Rahela, mke wa kaka yake. Alikuwa akichambua mchele, na hakuinua uso. "Wifi, mkono wako umezoea kulisha watoto uji," alisema. "Nyoka hangoji upulize kwanza."

Siku ya kwanza baridi ilikuwa kali. Bibi Komola alifunua vikapu kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa na shankhini, nyoka wa pingili nyeusi na njano, mnene, anang'aa kama aliyepakwa mafuta. Alijikunja na kuficha kichwa chini ya mwili wake kama bi harusi. Cha pili kilikuwa na fira mkubwa, dume, mwenye alama mbili shingoni, naye akatulia tuli. Cha tatu kilikuwa na fira jike wa rangi ya udongo, mwenye duara moja kisogoni. Huyo, kifuniko kilipoinuliwa tu, alisimama, akatanua shingo, akafoka.

Wanawake waliokuwa wakipita wakacheka. Wakampa jina palepale: Mama Mkwe, kwa vile analalamika kabla hujavua viatu. Wote wakampendekezea Jorina shankhini. Mzuri, mpole, watu vijijini watamgombania. Hasna, binti wa ami yake, alimbeba mkononi kama mkufu, na nyoka hakutikisika.

Jorina alivifunika vikapu vyote vitatu. Alikaa.

Jua lilipopanda na mianzi ya vikapu ikapata joto, alifunua tena. Yule fira dume aliyekuwa mstaarabu asubuhi alitupa kichwa upande wa mkono wake bila kutanua shingo, bila kufoka, mara mbili. Jorina akarudisha kifuniko taratibu. Asubuhi ya baridi kila nyoka ana adabu, akawaza. Adabu ya kweli huonekana mchana.

Siku ya pili alikaa na Mama Mkwe. Alisogeza ngumi, akaiondoa, akaisogeza, akaiondoa. Kila mara fira yule alifanya mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Kwanza alifoka. Kisha alipanda juu na kutanua shingo. Kisha aliyumba kidogo kushoto, na hapo tu ndipo alipotupa kichwa, naye hakufika mbali zaidi ya pale kimo chake kilipomfikisha. Mwenye kumsikiliza alikuwa na nafasi tatu za kuondoa mkono. Jorina alihesabu hadi mchana, na hakukosea hata mara moja.

Jioni, jua likizama, alifunua kikapu cha shankhini kidogo tu, upana wa kidole. Kile kichwa kilichofichwa mchana kutwa kilikuwa kimetoka. Kilikuwa kikizunguka ukingo wa kikapu, polepole, kikitafuta mwanya. Hakukusikika hata pumzi.

Jorina alikuwa amekwisha kuusikia ukimya kama ule. Ilikuwa masika ya mwaka juzi. Watoto sita walikuwa wakigombania kibuyu, wakilia na kupigana, na mtu yeyote angewatazama hao. Yeye alisikia njuga moja imekosekana. Minu, binti wa Rahela, ambaye hakuwa akilia wala kugombana na mtu, alikuwa ameshateleza majini bila hata kusema "a". Jorina alimkamata kwa nywele. Tangu siku hiyo aliijua hesabu moja ambayo hakufundishwa na mtu: mtoto anayelia hajazama.

Alifunga kikapu kwa kamba, akaenda kwa bibi Komola, akamwambia amechagua Mama Mkwe.

Bibi alimketisha. Alitoa mkono wa kushoto chini ya shali na kuuweka mapajani mwa Jorina. Vidole viwili vilikuwa vimekauka na kujikunja kama mizizi. Watu wote waliviona, lakini hakuna aliyewahi kuambiwa chanzo chake. "Mimi nilichagua shankhini," alisema. "Alikuwa mzuri mno. Hakuniambia kitu, mjukuu wangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Akaeleza kwamba alijizuia kumwonya siku zote mbili, kwa sababu nyoka aliyechaguliwa na mtu mwingine hutamsikiliza wewe. Jorina akaushika ule mkono na kuubusu.

Siku ya tatu, mchana, watu walikaa duara ukingoni. Mzee Torab alitandika shali yake akaketi. Jorina alimtoa fira mara ya kwanza, akamrudisha. Akamtoa ya pili, akamrudisha. Watu wakasogea karibu. Mara ya tatu, alipokuwa akimwelekeza kikapuni kwa kiganja, Rahela alisogea mbele na Minu kiunoni, na kivuli chake kikaangukia nyoka.

Fira alifoka, akatanua shingo, akayumba. Jorina alisikia yote matatu, lakini nyuma ya kikapu palikuwa na magoti ya Hasna. Akiondoa mkono, kichwa kitafika pale. Akauacha. Kichwa kikampiga mfupa wa kifundo cha mkono, kikarudi.

Mzee Torab alimshika mkono, akaugeuza juani, akaufuta kwa pindo la shali yake, akautazama tena. Ngozi ilikuwa nzima. Hapakuwa na tone.

"Kapiga kwa mdomo uliofungwa," alisema.

Jorina alimwinamia fira wake, aliyekuwa bado amesimama anayumba. "Asante kwa kupiga hodi," alimwambia. Kisha akampa kiganja, akamrudisha kikapuni, akafunika.

Mzee akakung'uta shali. Alisema mwanamke anayejua kutofautisha hodi na uvamizi anaweza kuingia kijiji chochote, na kesho aende.

Hapo Rahela akaanza kulia. Jorina alidhani ni kwa sababu ya kile kivuli, akamsogelea kumpoza. Lakini Rahela alisema, "Maneno yangu yale hayakuwa dharau, wifi. Nilikuzuia kwa woga. Nani atasikia njuga ya Minu?"

Miaka minne Jorina aliiona kama kifungo. Sasa alimtazama wifi yake na mtoto, akaona kwamba bila ile miaka minne angembeba shankhini kama mkufu, kama Hasna. Akamshika Rahela mkono na kumwambia asante. Rahela hakuelewa anashukuriwa nini, naye Jorina hakumweleza. Badala yake, kwa kuwa msimu huo Rahela ndiye angebaki na watoto, alimkalisha mashuani, akamfunga macho kwa khanga, akamfundisha hadi jua lilipoinama: hii njuga ni ya nani, ile ya nani, na jinsi ya kusikia ile ambayo haipo.

Asubuhi ya nne, kabla ya kujitwika, alifunua kikapu na kumpa fira ahadi kama desturi inavyotaka: mpaka mvua ya kwanza, kisha nitakurudisha kwenye bwawa ulikotolewa, na chura wako hutamkosa. Akampa na jina jipya, Njuga.

Wanawake wakapanda ukingo. Bibi Komola alitembea mbele yake. Njuga za watoto zilisikika nyuma kwenye ukungu. Walipofika juu, moja ikanyamaza. Jorina aliijua, ilikuwa ya Minu. Miguu ikasimama yenyewe, mkono ukaenda kwenye kikapu kukitua.

Kisha akasikia nyayo zikikimbia juu ya mbao za mashua, upesi, na sauti ya Rahela ikimgombeza mtu. Ile njuga ikaanza tena kulia.

Jorina akakiweka sawa kikapu kichwani, akawafuata wenzake.