Nusu ya Mama

Fundi aliinamisha kichwa, akaomba kimoyomoyo, kisha akafungua kisanduku chake cha zana. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mvi zimemjaa, na ndiyo kwanza anamalizia masomo ya jioni ya ufundi. Ilibaki saini ya mteja mmoja tu kwenye fomu ya mazoezi ili apewe cheti.

Mteja huyo waliomzoea walimwita Maktaba, kwa sababu alirekodi vipindi vya televisheni kutwa kucha na hakufuta hata kimoja. Wala hakuvitazama. Kompyuta yake ilikuwa na kadi nne za kupokea televisheni, kila kadi na stesheni yake, na sasa zote nne zilikuwa chenga tupu.

"Masomo ya jioni?" Maktaba alicheka. "Ndiyo maana. Giza lilikuwa limeingia, ukawa huoni ubao."

Fundi akatabasamu kwa adabu, akaanza kuufuata waya wa kebo kutoka dirishani. Nyuma ya kabati waya uliingia kwenye kidude cha kugawa mawimbi mara mbili. Upande mmoja ulikwenda kwenye kidude kingine, kilichogawa mara nne kwa zile kadi. Upande wa pili ulitambaa ukutani hadi chumba cha jirani.

Humo alikaa mama yake Maktaba, bibi asiyeweza kutembea, mbele ya televisheni ndogo. Ibada ya saa tisa ilikuwa inaanza. Picha yake ilikuwa safi kabisa.

"Karibu, mwanangu. Huyu mhubiri ndiye mgeni wangu wa kila siku," alisema. "Wengine wana shughuli." Akaishika mikono ya fundi na kuiombea, mmoja baada ya mwingine. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kuiombea mikono yake. Fundi alitoka chumbani macho yamemlowa.

"Bosi, hakuna kilichoharibika," alimwambia Maktaba. "Mawimbi yanaingia machache. Nusu yanakwenda kwa Mama, na nusu iliyobaki kadi zako nne zinagawana. Tukifunga busta ya kuyaongeza nguvu pale dirishani, wote mtaona."

"Maneno matamu hayo. Nionyeshe."

Fundi alifanya kama alivyofundishwa: ondoa kitu kimoja, tazama kinachobadilika. Alikitoa kile kidude cha kwanza, akauunga waya wa dirishani moja kwa moja kwenye cha pili. Picha zote nne zikatakata.

"Umeona, bosi? Sasa nikirudisha na kuweka busta..."

"Busta ya nini? Imeshapona. Acha hivyo hivyo."

"Na Mama?"

"Mama anasinzia tu mle. Anakula nusu nzima peke yake, kwa kazi gani?"

Ukutani ikapenya sauti. "Mwanangu! Imezima!"

"Imekufa, Mama!" Maktaba alijibu bila kugeuka. "Imezeeka!"

Bibi akauliza: "Fundi ameitazama?"

Maktaba aliivuta fomu, akaweka ncha ya kalamu kwenye nafasi ya saini, akatulia hapo. "Mwambie, fundi."

Fundi aliitazama kalamu. Aliomba apewe neno, na neno lililomjia lilikuwa lile lile la Maktaba.

"Imekufa, Mama."

"Haya. Ukisema wewe naamini. Asante, mwanangu."

Maktaba akatia saini, akafungua sauti ya kompyuta kujaribu. Kadi ya tatu ilikuwa inarekodi ibada ya saa tisa.

Fundi alipopita mlangoni pa chumba cha Mama na kisanduku chake, bibi alikuwa ameinamia ukuta. "Nigeuzie kiti, baba," alinong'ona kwa furaha. "Namsikia mhubiri wangu humu ndani."

Akamgeuza, magoti ya bibi yakagusa ukuta mtupu.

"Basi, kelele hizo," Maktaba alisema upande wa pili, akazima sauti. "Inajirekodi yenyewe."

Bibi alibaki ametega sikio. "Wanaomba kimyakimya," alimwambia fundi. "Ngoja, watamaliza."