Bega la Kushoto

...kwa hiyo bonyeza tu, wifi, bonyeza pale penye Ndiyo, anasema wifi yake, na yeye kidole kiko juu ya kitufe muda wote huu, kimetulia kama cha kuazima, na kwenye kioo cha laptopu maneno yamesimama hayaendi kokote, Faili lenye jina hili lipo tayari, unataka kuliondoa na kuweka jipya, Ndiyo, Hapana, swali dogo la adabu kabisa, mashine imekuwa na adabu kuliko homa, angalau imeuliza, homa haikuuliza mtu... basi, basi, si hapa, meza ya kukatia imejaa vitambaa vya watu, sare za watu, mume wake kule mbele anapiga pasi suruali ya mteja, pasi inapumua fuu, inanyamaza, inapumua tena, na wifi mtu ameacha hesabu zake ofisini akakatisha mapumziko ya mchana kwa ajili yake, mkate wenyewe anaulia juu ya mabaki ya nyuzi, wifi mwema, Mungu amzidishie, ila mdomo wake hauna breki. "Unajua tatizo lilikuwa nini," anasema wifi huku akitafuna, "ile skana, karatasi ilikaa upande, bega la kushoto likatoka limeshuka, mimi mwenyewe sikuliona mpaka watu walipoanza kelele, sasa nimechukua upande wa kulia, nikaugeuza, nikaubandika kushoto, yamelingana kama mapacha, angalia mwenyewe." Anaangalia. Yamelingana. Gauni la Mtoto, Miaka Saba, kigezo cha kukatia, pakua bure, chapa kwa printa yako, unganisha kwa selotepu, kata, shona... mabega mawili yaliyonyooka ya mtoto asiye wa mtu yeyote, na skana haikukaa upande, wifi, skana haina kosa lolote, skana ilisema kweli tupu.

Hilo analijua yeye peke yake, hata baba mtu hajui, mwanamume ataona wapi tofauti ya upana wa kidole, aliyeiona ni yeye na futi yake ya kupimia, mtoto amesimama juu ya stuli, tulia, usicheke, ukicheka bega linapanda, naye anazidi kucheka, Chiriku, jina hilo walimbandika kwa sababu tangu apate neno lake la kwanza hakufunga mdomo tena, kwa nini futi ina namba, mama, kwa nini haina namba yangu, na yeye pini mdomoni anajibu mmh, mmh, anapima bega la kulia, anapima la kushoto, anapima tena maana hakuamini, la kushoto chini, kidole kizima chini, akampeleka kwa daktari roho mkononi, daktari akasema si ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa, mama usijisumbue, naye hakujisumbua, alirudi akatandika karatasi ya kaki juu ya meza hii hii, akachora kwa chaki, akashusha bega la kushoto, akaisogeza shingo unywele mmoja, akakata, na gauni lilipomkaa mtoto akaonekana amenyooka kama rula, kitambaa kimeficha kila kitu, watu wote wakaona mtoto aliyenyooka na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nguo ndiyo iliyoinama ili yeye asiinamishwe... na mwenyewe hakuwahi kujua, maskini, mpaka mwisho hakujua, nguo za madukani zikimteleza alikuwa anashika kiuno na kusema mafundi wao wana wazimu, mama, hawajui kupima watu. Hawajui, mwanangu. Kweli hawajui.

"Sikia na huyu," wifi anasoma kwenye simu maoni ya waliopakua, anacheka na hana nia mbaya, laiti angejua asingecheka, angeula ulimi wake pamoja na huo mkate, maana yule mtoto alikuwa wa kwake pia, ndiye aliyekuwa akimsuka kila Jumamosi, "huyu anasema, fundi, nimeshona kama ulivyoelekeza, mwanangu amekuwa kama amebeba ndoo ya maji mkono mmoja." Ndoo ya maji. Eti ndoo. "Na huyu anauliza uliyempima alikuwa amesimama au amelala." Amelala, dada yangu, sasa amelala... lo, mawazo gani haya, jikaze kisabuni, mama mzima, anatabasamu kwa sababu wifi amemtazama, tabasamu la kaunta, lile la kumwambia mteja kesho jioni itakuwa tayari. Lakini hao wa ndoo hawamuumi sana, watu ni watu, ulimi hauna mfupa, wanaomuuma ni wale wastaarabu, wanaoandika asante sana fundi, kigezo kizuri, bega la kushoto tu lilikuwa limeshuka, nimelirekebisha mwenyewe. Nimelirekebisha mwenyewe. Wameweka rula, wamechora mstari, wamekata. Asante sana fundi.

Na ni nani aliyekitoa kigezo hicho, si yeye mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha, wifi alikuja na skana yake baada ya matanga, watu walipokwisha kutawanyika na sufuria za kuazima zimerudi kwa wenyewe, akasema, wifi, ukikaa bure utaumwa, lete vigezo vyako tuviweke kwenye tovuti ya duka, watu wapakue bure, walijue duka, wakishindwa kushona watakuja kushonewa, akili ya mtu wa hesabu hiyo, na akampa cha aproni, cha foronya, cha kofia ya mtoto mchanga, na mkono wake ukaingia chini kabisa ya sanduku ukatoka na karatasi ya kaki iliyokunjwa mara nne, na mdomo wake ukasema, na hiki, na wifi akauliza hiki cha nani, akasema gauni la mtoto, basi, gauni la mtoto tu. Kwa nini alikitoa. Nguo zenyewe mume wake alizigawa zote, alizibeba machozi yakimtoka bila sauti, alisema hawezi kuziona, naye hakumlaumu, kila mtu na namna yake ya kuzama, lakini kigezo alikificha asikione hata mume, sasa aliyemficha mumewe akawapa walimwengu... Na watu tangu msiba hawajui wamwite nani. Wengine bado wanasema Mama Chiriku, halafu wanashtuka, macho yanakimbilia kwenye vifungo vya dukani kana kwamba wamekuja kununua vifungo, wengine wameanza kumwita fundi, fundi tu, mtu aliyekuita kwa jina la mwanao miaka yote leo anakuita kwa cherehani yako, na kipi kinauma zaidi, hajui, akiitwa anaumia na asipoitwa anaumia, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, waliosema hayo hawakukosea.

"Kama unaogopa kukipoteza cha zamani, usiogope," wifi anasema, amefuta mikono, sasa sauti yake imeshuka, labda ameona kitu usoni, "nimekitunza kwenye kompyuta yangu, na karatasi yako si unayo, hakuna kinachopotea." Hakuna kinachopotea. Kweli. Anayo karatasi, wifi anayo nakala, mamia ya watu wamepakua na faili liko kwenye simu za watu asiowajua, hata akitaka kuliita lirudi haliwezi kurudi, basi kidole hiki kinakataa nini, hebu kidole, sema, kinachoondoka ni nini hapa... ukitazama kwa akili ya kawaida ni kazi mbovu inayobadilishwa na kazi nzuri, fundi yeyote mwenye heshima angebonyeza zamani, pasi imepumua tena kule mbele, mume anamwambia mteja mshono wa ndani umeachiwa nafasi, ukinenepa tutaipanua.

"Sasa unasubiri nini, wifi," anauliza wifi yake, kwa utani wa kawaida tu, na anamgusa begani.

Anasubiri nini... anasubiri... na hapo kinamjia, si polepole, kinamjia chote kwa mara moja mpaka anashika ukingo wa meza, kwamba kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa duka, kabla hajaivua cherehani kitambaa chake, anafungua simu na kusoma maoni, na wifi alimsifu kwa hilo, siku hizi umekuwa mfanyabiashara kweli, naye mwenyewe akaamini ni biashara, anapitisha macho haraka haraka, kosa, kosa, ndoo, nimerekebisha mwenyewe, kosa, na kila akifika chini moyo unaanguka, akadhani unaanguka kwa sababu wanaitukana kazi yake, kumbe siyo kazi, kazi ni nini, alikuwa anatafuta mmoja, mmoja tu aandike limemkaa, fundi, limemkaa mwanangu sawasawa, kama ulimpima yeye... maana likimkaa mtu basi yuko, mahali fulani kuna nyumba, ndani ya nyumba kuna stuli, juu ya stuli kuna mtoto wa miaka saba bega la kushoto chini, na yeye angeandika kumuuliza mama huyo, anaongea sana, anacheka ukimpima, angefunga duka, angekwenda, hata kama ni mbali vipi angekwenda, asingesumbua mtu, angesimama ng'ambo ya barabara amwone kwa nyuma akienda shule, kwa nyuma tu inatosha... ndiyo maana mkono uliingia chini ya sanduku, ulikuwa unafanya kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni, anainua kiatu kimoja juu ya vichwa vya watu, nani amemwona mwenye hiki, nani amemwona, na watu mamia wamekuja na watoto wao, wamewavisha kwa moyo mweupe kabisa, wamejaribu, na watoto wa watu wote wamenyooka. Wote. Dunia nzima ya mabega, na hata moja halikushuka.

"Wifi," anasema wifi yake, "unanisikia lakini, nimekuuliza unasubiri nini."

Kidole kiko palepale. Swali liko palepale, Ndiyo, Hapana. Mteja wa suruali anaaga, mlango unajifunga nyuma yake, na mume wake anaichukua nguo inayofuata.

"Hakuna," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu walipomfukia anajua kwamba ni kweli.